Shangazi, fundi wetu karudi kazini na mimi nahisi ndo nimemuharibia

Shangazi shikamoo. Naandika usiku huu nikiwa shifti, donge la pili linaumuka na nina kama dakika arobaini kabla vijana hawajaanza kukata, kwa hiyo nikiruka ruka unisamehe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, msimamizi kwenye bekari moja hapa Tanga mjini. Sio kubwa, tuko watu 14 ukijumlisha na wale wa baiskeli wanaosambaza. Tunaoka boflo na skonzi usiku, saa kumi na moja alfajiri mizigo inatoka, mingine Ngamiani, mingine Makorora na Chumbageni, ya Pongwe inaenda na bodaboda. Fundi wetu mkuu nitamwita Fundi tu maana ndo tunavomwita wote, ana miaka 41, yupo hapo tangu bekari inafunguliwa. Mimi niliingia kama mfungaji wa mikate na ye ndo alonifundisha kila kitu, kukata donge kwa macho bila mzani, kugonga mkate kwa chini usikie kama umeiva. Ni kaka yangu kabisa ukiacha damu.

Sasa miezi minne iliyopita oda zilikuwa nyingi, tukapata na shule mbili, Fundi akawa anapiga usiku na mchana haendi kulala, anabaki anarekebisha mashine, mara anachora ramani ya matawi, tutafungua Muheza, tutafungua Korogwe, tutavuka mpaka Mombasa. Anaongea haraka mpaka humfuati. Sisi tukawa tunacheka tunasema Fundi leo kachangamka. Siku ya nne bila usingizi akachukua trei za oda ya shule zote akatoka nje alfajiri akasimama njiani akawa anawagawia watu wanaotoka kuswali, kila mtu boflo mbili, anawaambia chukua leo bure na kesho bure. Na watu wakachukua! Kuna mmoja badala ya kuuliza kulikoni akatoa simu akarekodi. Kaka yake akaja siku hiyo hiyo kutoka Muheza wakampeleka hospitali ya Bombo, baadae akaenda hospitali ya akili ya Lutindi akakaa. Kaka mtu alinieleza yote kwenye simu huku analia, ugonjwa wenyewe unaitwa (jina nimelitoa, nitasema kwa nini. Shangazi).

Jumla hakuwepo siku 92, nimehesabu kwenye daftari la mahudhurio. Vyeti vya hospitali alileta kaka yake. Tajiri alimlipa mwezi wa kwanza, baada ya hapo akasema yeye sio serikali.

Karudi, hii ni wiki ya tatu. Kaja na barua mbili za daktari, moja inasema anaweza kurudi kazini, nyingine inasema asipangiwe kazi za usiku.

Shangazi nilivyosikia anarudi niliogopa, sikuficha. Siku moja kabla niliita watu wote dakika tano nikawaambia mwenzenu alikuwa anaumwa ugonjwa fulani, msibishane nae, msimkasirishe, akiongea sana mniite. Na visu vya kukatia donge na vile vijiwembe vya kuchania mikate nikavikusanya nikaviweka kwenye kabati langu nikafunga. Nilidhani namlinda na nawalinda wenzake, nilivyolala siku ile nilijiona nimefanya kazi nzuri sana.

Kesho yake kaja, kavaa aproni yake ile ile, kanawa mikono, kaenda mezani kanyoosha mkono pale kisu chake kinapokaaga siku zote. Hakipo. Kauliza. Kijana mmoja akamjibu visu viko kwa dada, muombe yeye. Fundi akasimama vile mkono uko mezani, akaangalia ile meza, akaangalia watu, kila mtu anajifanya ana kazi. Akarudi akanawa mikono tena, ilhali ilikuwa misafi, akatoka nje. Mimi nipo pale pale. Nilishindwa kusema neno.

Tangu hapo nimempanga mchana, anahesabu mifuko ya kufungia mikate na kupanga stoo, mshahara ule ule. Ufunguo wa stoo anao msaidizi wake ambae ndo anakaimu ufundi, na huyo nae ana balaa lake maana watu wanasema ndo kamroga Fundi ili apate nafasi. Vijana wanamwita Fundi "Lutindi" kwa chini chini, ile video bado iko kwenye grupu letu la watsapu la kazi. Kuna dada ana mtoto mdogo kaomba shifti ya mchana muda mrefu hajapewa, sasa ananuna, anasema bora na yeye apandwe na wazimu.

La mwisho ndo linaninyima usingizi. Tajiri kanipa daftari, niandike kila siku Fundi kafanya nini, kachelewa, kasinzia, kaongea peke yake, mwezi ukiisha "tutajua pa kuanzia". Nimeshaandika siku tisa. Juzi niliandika "amecheka peke yake", kumbe alikuwa na hedifoni sikioni anasikiliza mpira wa Coastal.

Je, nilikosea kuwaambia wenzake? Nikikataa daftari kazi yangu itakuwaje? Na oveni na mashine ya kukandia je, akisinzia akaumia si mimi msimamizi nitakaeulizwa? Fundi mwenyewe ananijibu "salama dada" basi, zamani alikuwa ananiita mwanafunzi.

Msimamizi, Tanga

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, natumaini hilo donge halijafurika.

Jina la ugonjwa nimelifuta kwenye barua yako, na vitu viwili vitatu nimebadilisha ili mtaani kwenu wasimjue. Kaka mtu alikwambia kwa sababu alikuwa anatapatapa na wewe ndo ulikuwa kwenye simu. Ile ilikuwa amana, hukupewa ukaigawe, na wewe uliigawa kwa watu 12 kwa mpigo halafu ukaniletea mimi ya 13. Kwa hiyo ndio, ulikosea, na nakwambia hivi bila kukuzungusha maana barua yako nzima inaonyesha unajua, ila ulitaka mtu mzima akuambie.

Lakini kosa kubwa sio lile la kikao, ni visu. Ngoja nikuulize, hiyo alfajiri ya trei Fundi alimgusa nani? Alimtishia nani? Kosa alilofanya mtu yule ni kugawa mikate! Mtu anaumwa anagawa chakula kwa watu wanaotoka kuswali, wewe ukasoma tukio hilo ukaona la kuficha ni visu. Hapo hukumtazama Fundi, ulitazama picha ya mwendawazimu tuliyonayo sote kichwani tangu utotoni, yule wa kukimbizwa na mawe. Ukichukua orodha ya watu wote wenye maradhi ya akili, wengi mno hawajawahi kumdhuru mtu, na mara nyingi wao ndo wanadhuriwa. Ungekuwa umemsikia anatishia mtu ningekwambia mengine, hukumsikia.

Halafu Lutindi. Vijana wako wanaitumia kama tusi na sijui hata kama wanajua ni wapi. Ile hospitali iko juu milimani kule Korogwe, kongwe kweli kweli, na kinachojulikana kuhusu pale ni kwamba kazi ni sehemu ya tiba, wagonjwa wanakwenda shambani, wanakaa karakana, mikono haikai bure. Sasa fikiria, mtu siku anaumwa alikuwa anapewa jembe, karudi kwenu mzima ananyimwa kisu.

Nikusimulie la kwangu maana nisikae kitini nikuhukumu. Nilifanya kazi ofisi ya utumishi kwenye kiwanda kimoja hapa Tanga miaka mingi, na tulikuwa na baba mmoja mkaguzi, mtu wa maana, akaugua sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, akakaa nyumbani miezi miwili na nusu. Aliporudi mimi nikamhurumia sana, nikasema huyu asirudi kwenye kelele za mashine, nikampeleka ghala akae kivulini anahesabu magunia. Kiti nikamtafutia mwenyewe, chenye mto. Mwezi haukuisha akaacha kazi. Niliumia, nikasema watu hawana shukrani. Miaka ikapita siku moja nimeenda soko la samaki la Deep Sea kununua pweza namkuta yeye ndo anauza, kanenepa, anapigizana kelele na wateja kuliko mashine zote za kiwandani. Nikamuuliza mzee mwenzangu mbona uliondoka vile? Akanipimia pweza wangu, akafunga, akaniambia, "Bosi, yale magunia yalikuwa yameshahesabiwa."

Yalikuwa yameshahesabiwa kweli, na karani mwingine, asubuhi. Na yeye alijua tangu siku ya kwanza.

Sasa hiyo mifuko anayohesabu Fundi wako, kabla hajarudi nani alikuwa anaihesabu? Kama jibu ni hakuna mtu, basi umempa magunia yangu.

Ona mwanangu, katika yote uliyoandika, umeongea na kaka mtu, umeongea na tajiri, na vijana, na mimi. Fundi mwenyewe hujamuuliza hata swali moja. Kila kitu mnakipanga nyuma yake na mnakiita kumlinda. Anza hapo. Mchana oveni zikiwa zimezimwa, toa viti viwili nyuma ya bekari, usimwite ofisini kwa tajiri, akiitwa ofisini atajua ndo siku yake imefika. Muombe radhi kwa maneno mafupi, kaka nilitangaza maradhi yako bila idhini yako na nikaficha visu vyako, nimekosea. Ishia hapo hapo. Usiseme "ila nilikuwa nina nia njema", hiyo nia njema kaa nayo mwenyewe nyumbani. Akinyamaza na wewe nyamaza, ana haki ya kununa kwa muda anaotaka.

Akiwa tayari, muulize anataka wenzake wajue nini, na kama kuna la kusemwa nani aseme, yeye au wewe. Huwezi kurudisha yaliyotoka ila unaweza kuacha kuongeza. Muulize kazi gani yuko tayari nayo wiki hii na ipi aisubirie kwanza. Kuna watu wanataka kurudi kwenye kazi yote siku ya kwanza ili waonyeshe, kuna wengine wanataka nusu siku kwa wiki mbili ndo waongeze, hutajua kwa kumtazama usoni. Na muulize hili kwa upole: ukianza kuona hali inabadilika ungependa nani akwambie, na nikuambie vipi, na nimpigie nani? Yeye ndo anazijua dalili zake kuliko sisi wote, na mtu akipanga hayo mwenyewe akiwa mzima haisikii kama jela. Pengine atakwambia nikipitisha usiku mmoja bila kulala nikumbushe niende Bombo. Basi hapo umepata kazi moja ya maana kuliko daftari zima. Na mnisamehe, ile "Fundi leo kachangamka" ya siku ya pili na ya tatu, hapo ndo alikuwa anahitaji mtu wa kumwambia kaka nenda kalale.

Kuhusu usiku hakuna mjadala. Kwa mtu ambae maradhi yake yalianza kwa kutolala siku nne, usingizi ni dawa sawa na vidonge. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeliweka wazi, mfanyakazi ambae daktari kathibitisha hafai kazi za usiku mwajiri haruhusiwi kumpangia usiku, na usiku kwa sheria ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Anatakiwa ahamishwe, isipokuwa kama kweli haiwezekani. Kitu kimoja umwambie Fundi usimfiche, ile nyongeza ya kazi za usiku, angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, akihama mchana hataipata. Mshahara wa msingi usiguswe.

Utasema Shangazi mikate inaokwa usiku, mchana fundi mkuu afanye nini. Mimi sijui kuoka, ila najua saa kumi jioni nikitaka boflo ya moto ya kunywea chai hapa Tanga naipata kwa tabu, naambiwa ipo ya alfajiri imeshapoa. Labda mna oko la jioni ambalo hamjawahi kulifikiria, labda skonzi zihamie mchana, labda apime ngano na hamira za usiku mzima na afundishe wale vijana ambao bado wanakata donge kwa mzani. Muulize yeye, nina uhakika ana mawazo matano, na safari hii usicheke ukasema kachangamka. Mtu kuwa na mawazo sio dalili.

Oveni na mashine ya kukandia nakuelewa, hofu hiyo ni ya halali, ila ipeleke inapostahili. Dawa nyingi za maradhi haya zinaleta usingizi na uzito, hasa wiki za mwanzo au dozi ikibadilishwa, mikono nayo inaweza kutetemeka kidogo na mdomo unakauka. Huhitaji kujua anatumia dawa gani, hiyo sio yako. Muulize tu kuna saa za siku unajisikia mzito? Kama asubuhi ni nzito aanze saa nne, mashine ashike akiwa sawa, kama ambavyo ungemfanyia mtu yeyote aliyemeza dawa ya mafua inayolaza. Ila kuna jambo ambalo daktari aliyeandika ile barua huenda halijui, kwamba mtu huyu anasimama mbele ya oveni ya nyuzi 200 na zaidi. Zipo dawa za akili ambazo mwili ukipoteza maji zinaleta matatizo, na nyingine zinafanya mwili ushindwe kuvumilia joto. Mshauri kwenye kliniki inayofuata amweleze daktari mazingira ya kazi yalivyo. Mkisema kweli mtaandikiwa barua nzuri zaidi, inayosema anaweza nini na asifanye nini, basi, bila jina la ugonjwa. Na Ramadhani ikikaribia aongee na daktari kuhusu saa za dawa na kufunga kabla hajaamua mwenyewe, wengi wanaangukia hapo. Nyie mkae na jagi la maji karibu na meza, kwa wote.

Yule dada mwenye mtoto usimuone mkorofi. Lile neno la wazimu lilimtoka kwa uchovu, ila ana hoja, tena kama bado ananyonyesha sheria hiyo hiyo inampa mpaka saa mbili kwa siku za kumnyonyesha, nina wasiwasi hamjawahi kumwambia. Kaa nae umsikilize shida yake kama shida yake. Fundi hakuchukua nafasi ya mtu, kaja na barua ya daktari, na yeyote atakaeleta barua kama ile atapangiwa hivyo hivyo. Hilo ndo la kuwaambia wote, sentensi moja, na wakitaka kujua barua inasema nini zaidi jibu ni kwamba hata ya kwako ikija siku moja sitaisoma mbele ya watu.

Video ifutwe kwenye grupu leo, kama wewe ni admini ifute mwenyewe, kama sio mfuate admini. Jina la Lutindi likisikika tena muite huyo kijana pembeni mara moja, mara ya pili ni utovu wa nidhamu kama mwingine wowote.

Na hili la msaidizi kumroga mtu, jamani. Mimi nimekulia Mikanjuni, sifa yetu watu wa Tanga naijua, watu wanatoka Dar na magari makubwa wanakuja kutafuta waganga huku, sitaanza leo kubishana na mji mzima. Lakini angalia uvumi huo unafanya nini hapo kazini: unampa Fundi adui ambae hana, na yule msaidizi, ambae kaziba pengo siku 92, badala ya asante anapata jina la mchawi. Mtu alikesha siku nne mfululizo mbele yenu nyote. Mkitaka kutafuta aliyemroga anzeni na ile ratiba ya shifti.

Haya, daftari. Acha leo. Hizo kurasa tisa ni siri za afya ya mtu zimeandikwa na asiye daktari bila yeye kujua, na tumeshaona ubora wake, mpira wa Coastal umeingia kama dalili (ingawa kuna mechi hata mimi nacheka peke yangu). Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 mambo ya afya ya mtu ni taarifa nyeti, sio za kuokotwa okotwa kwenye kijidaftari. Kama Fundi kachelewa, andika kachelewa palepale mnapoandika wengine wanaochelewa, na aone. Rekodi ya mmoja peke yake inayofichwa ni mtego, na wewe ndo umepewa kuutega. Siku mtego huo utakapokamata kitu, jina lililoandika kila ukurasa ni la nani? Sio la tajiri.

Kwa tajiri usiende na maneno ya huruma. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi walisema mwaka 2022 kwamba dunia inapoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa sonona na wasiwasi, tajiri wako hizo bilioni hazimhusu, yeye anahesabu trei. Basi nenda na trei. Tangu Fundi aondoke mikate mingapi inarudi haijauzwa, ngano inaharibika kiasi gani, ile mashine nani anairekebisha? Halafu mwambie kwa adabu, tajiri, mtu hafukuzwi kwa kuugua hivi hivi, kanuni za 2007 zinataka mwajiri aangalie kwanza ugonjwa ni wa muda au wa kudumu, mtu anaweza kazi kiasi gani, na kama kuna namna ya kumrekebishia kazi au kumpa nyingine. Akiruka hayo yote akamfukuza, Fundi ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko daftari lako litasomwa kwa sauti.

Halafu kuna deni, na hapa sijui kama tajiri hajui au anajifanya. Likizo ya ugonjwa kisheria ni siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, alimradi cheti cha daktari kipo, na umesema vyeti vililetwa. Fundi kakaa siku 92. Kalipwa mwezi, tuseme siku 30. Zimebaki 33 za mshahara kamili na 29 za nusu. Unaijua sasa, na ukikaa kimya na wewe umo. Mwambie Fundi haki yake ipo hivi, uamuzi wa kudai au kutodai ni wake, na mwambie tajiri anaweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi kuliko kuja kulipa kwa aibu. Unauliza kazi yako itakuwaje. Siwezi kukuahidi, matajiri wa hivyo ninao wengi kwenye kumbukumbu. Ukiogopa kukataa kwa mdomo andika ujumbe mfupi, "tajiri naomba nisiendelee na lile daftari, utendaji wa Fundi nitaurekodi kama wa wengine," na ujumbe huo utunze.

Zile kurasa tisa usizichane kimya kimya. Mpe Fundi azisome kisha aamue mwenyewe zifanywe nini.

Visu vitoe kabatini kesho kabla hajafika, vyote, vikae mezani kila kimoja mahali pake. Ufunguo wa stoo usimpe wewe, muombe yule msaidizi amkabidhi Fundi kwa mkono wake mbele ya watu. Na muda huo wewe usiwe pembeni unaangalia nani anasema nini, shika donge lako ukate.